Mguu wa Kulia wa Celestine

Sugar Land, pembeni ya Houston, Texas, ina piano nyingi kuliko wapigaji piano. Hilo nililijua mwaka wangu wa kwanza wa kazi, na miaka kumi na minne baadaye, yaani mwaka 1999, sikuwa nimeona sababu ya kubadili mawazo. Mtu anapata kazi kwenye kampuni ya mafuta, ananunua nyumba yenye dari refu, anakuta makochi hayatoshi kuijaza sebule, basi anakwenda dukani kuchukua piano kubwa nyeusi ya miguu mitatu. Juu yake anapanga picha za harusi. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa na duka kwenda kuzihudumia hizo meza za picha.

Naitwa Khalfan, mtu wa Tanga. Ufundi nilifundishwa hapa hapa Houston na mzee mmoja wa Kicheki ambaye asubuhi hakusema na mtu mpaka kahawa yake iishe. Alinifundisha kukaza nyuzi, kunyoosha nyundo zinazozigonga na kurekebisha pedali, na zaidi ya yote alinifundisha kuwadharau wateja. Mteja, alikuwa akisema, hajui anachokisikia. Wewe itikia kwa kichwa, kisha fungua mkoba wako. Mzee alipokufa nilibaki na zana zake na dharau yake, na vyote viwili nikavitunza.

Karatasi yenye jina la Onyancha nilipewa na duka mwishoni mwa Septemba. Nilipolisoma tu jina nikajua ni Mkisii, na nikajua siku hiyo nitakunywa chai. Wazungu wananionyesha piano ilipo na kwenda zao. Watu wa kwetu wanakupokea kama mgeni wa harusi, wanataka kujua umetoka wapi, una watoto wangapi, unasali wapi, na mwisho kabisa ndiyo wanakumbuka kwamba umekuja kutengeneza kitu.

Mlango ulifunguliwa na mkewe, Loice, muuguzi wa zamu za jioni. Nyumba ilikuwa imefagiliwa na kupangwa mpaka ukawa unaona haya kukanyaga zulia. Chai ilikuwa tayari, na mandazi yakiwa yamefunikwa. Akanieleza shida kwa kile Kiswahili chao cha Kenya, Mungu awasamehe, kinachochanika kila baada ya maneno matatu na kushonwa kwa Kiingereza. Piano waliinunua Agosti. Mwanzoni ilikuwa sawa, lakini sasa ukikanyaga pedali ya kulia halafu ukatoa mguu, sauti haikatiki, inaendelea tu. Bintiye Celestine alikuwa analalamika kila siku.

Huyo Celestine alikuwa na miaka kumi na saba, na muda huo alikuwa shuleni. Jumamosi ya kwanza ya Desemba alitakiwa kwenda Fort Worth kupiga piano mbele ya maprofesa wa chuo cha muziki; wakimpenda, wangemchukua. Baba yake alimtaka asomee ufamasia, na alikubali safari hiyo kwa sharti moja tu: ausikie kwanza upigaji wake kwa masikio yake mwenyewe, na uwe safi. Alisema hawezi kuendesha gari saa tano kwenda kuaibishwa. Kwa hiyo, Loice akaniambia huku akinimiminia chai ya pili, hiyo pedali si jambo dogo kwao.

Nikaitikia kwa kichwa. Kila mama wa Sugar Land ana mtoto wa kupiga mbele ya maprofesa. Wengi wao nimewasikia, na kama maprofesa wana akili watakuwa wamehama.

Kazi ya pedali ya kulia ni rahisi kuieleza. Ukiikanyaga, mkia wake unanyanyuka na kusukuma ufito wa shaba kwenda juu. Ufito unasukuma wenzo uliolala chini ya tumbo la piano, na wenzo unainua safu nzima ya vizimio, yaani vile vipande vya mbao vyenye sufi vinavyokalia nyuzi ili zinyamaze. Ukiachia, vyote vinashuka na sauti inakatika. Kati ya ufito na wenzo inatakiwa ibaki nafasi ndogo, unene wa ukucha. Ikikosekana hiyo, vizimio havikai vizuri, sauti ya nyuma inaingia kwenye ya mbele, na muziki wote unakuwa uji.

Nikalala chali chini ya piano na tochi yangu. Nafasi ilikuwepo, unene wa ukucha kamili. Nikainuka, nikakanyaga, nikapiga, nikaachia. Sauti ikakatika kama ilivyoamrishwa. Nikarudia mara kumi, mara kumi ikakatika. Nikazungusha nati moja mbele na kuirudisha ilipokuwa, ili mama wa watu aone nimefanya kitu, nikala andazi la tatu, nikaondoka.

Baada ya wiki tatu wakaniita tena. Loice aliniambia kwamba siku ile ile nilipoondoka, jioni, shida ilirudi, na kwamba inazidi kila wiki. Nikacheka moyoni. Chuma hakijui wiki. Nyumba ilikuwa safi vile vile, mandazi yale yale, na Celestine alikuwa shuleni vile vile. Safari hii nilifungua fremu yote ya pedali, nikapaka grisi, nikaiongeza ile nafasi kidogo, nikafunga. Nikapiga, ikakatika. Kisha nikampa hotuba kuhusu unyevu wa Houston na jinsi unavyovimbisha mbao. Ile hotuba nampa kila mteja ambaye sina la kumwambia. Yeye akachukua daftari akaandika, maskini, na tarehe juu.

Mara ya tatu ilikuwa wiki ya mwisho ya Novemba, na safari hii Onyancha mwenyewe alikuwepo. Alikuwa mtu mfupi mpana, mkaguzi wa mabomba ya mafuta, na kalamu mbili kwenye mfuko wa shati hata akiwa nyumbani kwake. Alisimama juu yangu muda wote nilipokuwa chini. Nilipomaliza nikapiga, nikaachia. Kimya safi. Akaniomba nikae.

"Fundi, sitaki story mingi," akasema. "Nime-take off kazi leo kwa sababu ya hii kitu. Mtoto anapiga nasikia fujo. Wewe ukipiga ni sawa. Sasa niambie ukweli: ni machine ama ni mtoto?"

Loice alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Aliniangalia mimi, hakumwangalia mumewe. Nilijua nilichokuwa naulizwa. Nilijua kwamba nikisema piano, safari ya Fort Worth inabaki, na nikisema mtoto, imekwisha. Ningeweza pia kusema sijui. Lakini fundi wa miaka kumi na minne hasemi sijui mbele ya mtu mwenye kalamu mbili, na tena nilikuwa nimewachoka, wao na mandazi yao.

"Piano ni nzima," nikasema. "Mguu wa mtoto ndio mzito. Hajui kuachia. Wapo wengi hivyo, na wengine hawajifunzi."

Onyancha akaitikia taratibu. Akaniomba niandike hivyo kwenye fomu ya duka, nikaandika, nikatia sahihi. Akaikunja karatasi na kuiweka mfukoni nyuma ya kalamu zake. Loice akapeleka vikombe jikoni bila kumimina chai.

Kesho yake nilikuwa Missouri City kwenye kanisa la Wakongo, piano ya zamani ambayo panya walikuwa wameifanya makazi, ndipo nikagundua sina tochi. Niliiacha kwa Onyancha. Sugar Land iko njiani, na ilikuwa saa kumi alasiri, basi nikaona nipite tu niichukue. Sikupiga simu. Siku hizi kumpitia mtu bila simu ni kosa hata kati yetu, hapa Amerika tumekuwa wote wazungu, lakini nilikuwa nafuata tochi, sikuwa nafuata chai.

Nilipofika mlangoni nikasikia piano inapigwa. Nikasimama. Mkono ulikuwa mzuri. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, na pia kwa sababu liliniuma. Ulikuwa mkono mwepesi, una haraka inapotakiwa na subira inapotakiwa, lakini chini ya huo mkono kulikuwa na uji mtupu, sauti juu ya sauti. Nikabonyeza kengele. Muziki ukakoma lakini mwangwi wake ukaendelea kidogo ndani ya nyumba.

Aliyefungua ni msichana mrefu mwenye miwani, soksi za shule miguuni. Nikamwambia mimi ni fundi, nimesahau tochi. Akakunja uso.

"You told my dad it's my foot," akasema. "You've never even heard me play."

Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba masikio ya fundi hayahitaji. Jibu la kijinga, na hata yeye hakupoteza muda nalo. Akarudi kwenye piano, akakaa, akapiga mistari miwili ya kile alichokuwa akikipiga, akatoa mguu wake kwenye pedali akaunyoosha mbele yangu, hewani, soksi na yote. Sauti ikaendelea. Mguu uko hewani na sauti inaendelea. Akaniambia baba yake jana usiku amesema hakuna Fort Worth. Amemwambia aanze kujaza fomu za ufamasia.

Nikainama kutazama tochi iko wapi. Chini ya piano, nyuma ya fremu ya pedali, palikuwa na kitu kikubwa kimefunikwa kwa leso ya kujifunga. Nikaivuta leso. Masanduku mawili ya safari, yale makubwa kuliko yote, moja limelala juu ya jingine, yamejazwa mpaka zipu zimevimba. La juu lilikuwa limeshindiliwa chini ya tumbo la piano, na mgongo wake ulikuwa unausukuma wenzo wa pedali kwenda juu.

Nikakaa pale sakafuni. Sikuhitaji kuelezwa. Desemba watu wa kwetu wanakwenda nyumbani, na kuanzia Agosti kila mama yuko madukani anawinda seli, yaani bei zilizoshushwa: viatu vya mjomba, sweta za bibi, mafuta ya kujipaka, daftari za watoto wa dada. Kila wiki kitu kinaongezwa, kila wiki sanduku linavimba, kila wiki wenzo unapanda. Kumbe chuma kinajua wiki. Gereji ya Houston ina joto la kuyeyusha mafuta, makabati yamejaa, na chini ya piano ni mahali pakubwa pasipo na kazi.

Na kila nilipokuja mimi, yalitolewa. Nalijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu na mimi kwangu Alief nina masanduku mawili chini ya kitanda, na mgeni akipiga hodi nashusha shuka mpaka chini. Kwetu ukionyesha sanduku umetangaza safari, na ukitangaza safari umekuwa posta. Atakuja huyu na dawa za mama yake, yule na simu ya kaka yake, na kilo zote zitakuwa zao. Hakuna Mwafrika wa Mashariki Texas nzima asiyelijua hili. Mimi nilikaa katika nyumba ile mara tatu, nikaona jinsi ilivyopangwa, nikala, nikadharau, na sikuuliza hata mara moja kwamba hapa chini huwa mnaweka nini.

Nikayavuta nje. Nikamwambia Celestine apige. Akapiga mistari ile ile, akaachia, na sauti ikakatika. Akapiga tena. Hakuniangalia. Akaendelea mpaka mwisho wa ukurasa, na ule uji ukawa haupo, ukabaki ule mkono tu. Nimefanya kazi nyumba nyingi za Sugar Land na sikuwa nimewahi kusikia kitu kama kile kwenye moja ya meza zangu za picha. Nikaona aibu, aibu ya kweli, ya kupata joto masikioni.

Loice alirudi wakati huo huo kutoka dukani, amevaa tayari sare yake ya hospitali, na mfuko wa nguo mkononi. Akayaona masanduku katikati ya sebule na mimi nimekaa kando yake. Neno lake la kwanza halikuhusu piano.

"Fundi, hizo zimejaa," akasema. "Hakuna nafasi hata ya bahasha."

Nikamwambia sina mzigo. Nikamweleza pedali. Alisikiliza, akaweka mfuko chini, akakaa kwenye mkono wa kochi na kuyatazama yale masanduku muda mrefu. Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Na ungekuwa mzungu singejisumbua kuzitoa," akasema. "Mzungu haniulizi naenda lini."

Akachukua simu akampigia mumewe kazini, akamwambia fundi yuko hapa, ameona shida, zungumza naye. Akanipa. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema: nilikosea, mtoto hana kosa, ni masanduku. Nilishaipanga kabisa mdomoni. Nikamsikia Onyancha upande wa pili akikohoa, nikaiona akilini ile karatasi yenye sahihi yangu nyuma ya kalamu zake, nikafikiria jinsi atakavyoniuliza kwa nini sikutazama.

"Nimepata springi imevunjika," nikasema. "Ndani kabisa, ilikuwa imejificha. Nimeibadilisha. Mtoto hana kosa."

Celestine akageuka kwenye kiti cha piano. Loice akaangalia sakafu. Wote wawili walijua, na hakuna aliyesema, kwa sababu nadhani walifikiri neno lolote litakalompeleka mtoto Fort Worth ni neno zuri. Na mimi nilifikiri hivyo hivyo, kwa sekunde kama tatu.

"Springi," akasema Onyancha. "Piano ya miezi mitatu imevunjika springi. Basi hiyo ni takataka. Irudi kwa duka kabla guarantee iishe, wakaniletee ingine."

Nikaanza kumwambia haina haja, imeshapona. Akaniambia yeye kazi yake ni kukagua mabomba, na bomba jipya likipasuka mara moja halibandikwi kiraka, linang'olewa. Akakata simu.

Kupata piano nyingine kutoka kiwandani ni wiki sita. Fort Worth ilibaki siku kumi na moja. Na sharti la baba, kwamba asikie kwanza kwa masikio yake, lilikuwa pale pale: bila piano anayoiamini ndani ya nyumba hakuna cha kusikia. Nilijua yote hayo nikiwa bado nimeshika simu. Celestine aliyajua pia. Alifunga kifuniko cha piano taratibu akapanda ngazi.

Utasema ningempigia Onyancha jioni ile nikasema kweli. Ndiyo, ningempigia. Sikumpigia. Nilijiambia duka litakataa. Duka halikukataa, kwa sababu Onyancha alikuwa amewapigia simu kuwapa maneno ya fundi wao wenyewe kwamba springi imevunjika. Nilijiambia Loice atamweleza mumewe. Alimweleza, na mtoto alimweleza, nilikuja kulijua baadaye, na yeye akawajibu kwamba wao wanajitetea, mwenye kujua ni fundi, na kwamba piano mbovu hataisikiliza wala isiguswe mpaka duka lije kuichukua. Mwanamume anakataa kumwamini mke wake na mtoto wake ili aamini karatasi yangu. Kwa wiki nzima nilijaribu kumdharau kwa hilo, na sikufanikiwa sana.

Duka lilipanga kuichukua piano Ijumaa, siku moja kabla ya Fort Worth, na mtu wa kwenda kuifungua ni mimi. Piano kubwa haibebwi ikiwa nzima. Kwanza unatoa fremu ya pedali, halafu mguu wa kushoto, inalazwa ubavu, ndipo miguu mingine inatoka. Wabebaji wawili walikuja nyuma yangu na lori na mablanketi. Onyancha alikuwa ameomba ruhusa tena kazini. Alikuwa na faili mkononi na ndani yake karatasi zangu zote kwa mpangilio. Loice alikuwa amesimama karibu na dirisha, na safari hii hapakuwa na chai. Celestine alikuwa amekaa kwenye ngazi, magoti kifuani.

Nikaingia chini ya piano na bisibisi. Skrubu ya kwanza ya fremu nikaishika. Toka pale nilipolala niliona viatu vya Onyancha, vimepigwa rangi vizuri, na soksi za mtoto kwenye ngazi. Skrubu ilikuwa laini, ingetoka kwa mizunguko minne. Sikuizungusha.

"Bwana Onyancha," nikasema kutoka chini kule, "springi haikuvunjika."

Viatu havikusogea. "Ulisema imevunjika."

"Nilisema uongo."

Wabebaji hawakuelewa neno, lakini walielewa sauti, wakaweka mablanketi chini.

"Na mguu wa mtoto?" akauliza.

"Huo nao niliusema bila kumsikia. Sikuwa nimemsikia akipiga hata siku moja."

Onyancha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba sasa ana ripoti tatu za mtu mmoja na kila moja inasema lake, na haoni kwa nini aamini hii ya tatu kuliko mbili za kwanza. Alikuwa na haki. Maneno yangu yalikuwa yamekwisha thamani ndani ya nyumba ile. Nikamwambia asiniamini, alete masanduku.

Mama Celestine akamwangalia mumewe. Masanduku yalikuwa juu chumbani, yamefichwa, kwa sababu mimi nilikuwa nakuja. Onyancha mwenyewe akapanda akayashusha, moja moja, akihema, na nadhani hakuwa amejua uzito wake. Nikamwonyesha yalivyokuwa yamekaa. Nikayasukuma mahali pake, moja juu ya jingine, mpaka la juu likaukamata wenzo. Nikamwomba Celestine apige, na asiguse pedali kabisa. Akashuka kutoka kwenye ngazi, akakaa, akapiga. Uji. Nikayavuta masanduku. Nikamwomba apige tena. Sauti ikakatika pale ilipotakiwa kukatika, na akaendelea bila kuambiwa, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilikuwa chini yake, tumbo la piano likiunguruma juu ya uso wangu.

Binti alipomaliza, Onyancha akainama. Ndiyo mara ya kwanza siku hiyo niliyouona uso wake kwa karibu. Aliutazama wenzo, akausukuma kwa kidole, akauona unavyopanda. Kisha akanitazama mimi kama anavyotazama kutu, nadhani.

"Mimi nikiandika bomba ni zima na sijaliangalia," akasema, "watu wanachomeka na moto. Wewe unaandika tu."

Akasimama, akachukua zile karatasi zangu kwenye faili, akazipasua katikati, akampa mkewe vipande. Akawaambia wabebaji waende, piano inabaki. Akanitangazia kwamba atapiga simu dukani kuomba fundi mwingine, mzungu kama inawezekana, ambaye hawataogopa kumwonyesha mizigo. Halafu akageukia piano, akakohoa, akaona ugumu wa kuanza.

"Celestine," akasema, "kesho tunatoka saa kumi na moja asubuhi. Lala mapema."

Hakumwomba radhi. Ni mtu wa namna hiyo, na mimi si wa kumfundisha. Binti aliitikia kwa kichwa na mikono yake ikabaki juu ya vitufe, anangoja kuanza tena. Mimi nilikuwa bado chini, bisibisi mkononi, naanza kusema kwamba samahani, kwamba kosa ni langu, kwamba mkono wake ni mzuri na nilipaswa kusema mapema. Nilikuwa na mengi ya kusema. Akainama upande mpaka nikaona miwani yake.

"Uncle," akasema, "please. Naomba utoke chini ya piano yangu."

Nikatoka kwa magoti, kinyumenyume.